Rekodi za Koo na Pumzi: Zilizovunjwa Jukwaani na Zilizonaswa na Vihisi

Kitabu cha rekodi hupenda kilele: noti ya juu kabisa, ukelele mkali kabisa, pumzi ndefu kabisa. Mshindi anaandikwa jina, tarehe na kipimo, halafu ukurasa unafungwa. Lakini kwa miongo kadhaa sasa wahandisi, matabibu na walimu wa uimbaji wamekuwa wakibandika vihisi vidogo shingoni mwa waimbaji na kuwafunga mikanda ya kupima pumzi kifuani na tumboni, wengine wakivaa vifaa hivyo kutwa nzima, wiki nzima. Kazi hiyo imezaa orodha ya pili ya rekodi, isiyo na vikombe wala picha za magazetini. Hapa nimezichanganya zote mbili. Ya kwanza inastaajabisha. Ya pili naithamini zaidi, kwa sababu inamgusa kila mtu anayeishi kwa koo lake.

Noti ya juu kuliko zote Metropolitan Opera

Mwaka 2017 soprano wa Kimarekani Audrey Luna aliimba kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, New York, noti ambayo kumbukumbu za taasisi hiyo, iliyoanza maonyesho mwaka 1883, hazionyeshi nyingine iliyowahi kuizidi. Imo katika opera ya Mwingereza Thomas Adès iitwayo The Exterminating Angel. Kuifikia ni kuzitikisa nyuzi za sauti mara 1,760 kwa sekunde moja. Malkia wa Usiku katika The Magic Flute ya Mozart, mhusika ambaye tangu 1791 amekuwa mtihani wa masoprano duniani kote, huishia kwenye mara 1,397 hivi.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana: je, katika kimo hicho nyuzi za sauti bado zinatikisika, au mwimbaji anapitisha hewa tu kwenye upenyo mwembamba kama apigaye mluzi? Mwaka 2013 mtafiti wa Kijerumani Matthias Echternach na wenzake walichapisha picha za koo la soprano mmoja, zilizochukuliwa na kamera inayopiga picha 20,000 kwa sekunde. Mwanamama huyo alipanda hadi mtikisiko wa mara 1,568 kwa sekunde, na nyuzi zake zilikuwa zinatikisika kweli. Ni misuli na ngozi laini, isiyofika sentimita mbili kwa urefu, inayofanya kazi hiyo.

Noti ya chini kuliko zote, isiyosikika

Upande wa pili yuko Tim Storms, Mmarekani mwenye besi ya ajabu. Machi 2012 Guinness walimwandikia rekodi ya mtikisiko wa 0.189 kwa sekunde. Maana yake, tendo moja tu la kufunguka na kufungana huchukua zaidi ya sekunde tano. Noti hiyo iko oktavu nane chini ya G ya chini kabisa ya piano. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mara 20 kwa sekunde hivi, kwa hiyo hakuna aliyekuwepo aliyeisikia, na pasipo vifaa maalumu vya kunasa mitikisiko ya chini, rekodi yenyewe isingekuwepo. Mwanakwaya wa sauti ya nne anayejisifu kwa besi yake ana safari ndefu.

Makelele makubwa, na kazi inayochosha koo

Mwaka 1994, mjini Belfast, mwalimu Annalisa Flanagan alipaza sauti hadi desibeli 121.7. Neno alilolitamka ni lile la kuwaambia watoto wakae kimya. Oktoba 2000 Jill Drake, msaidizi wa darasani kutoka Uingereza, alipiga ukelele wa desibeli 129 mjini London. Wote wawili ni watu wa shule, na sidhani ni bahati tu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi ya Ingo Titze na wenzake katika kituo cha taifa cha sauti na usemi huko Denver, Marekani. Waliwabandika walimu 57 kihisi cha mtikisiko shingoni, wakawafuatilia kwa wiki mbili, kazini na nje ya kazi. Katika kila saa ya kazini, muda ambao koo lilikuwa linatoa sauti ulizidi mara mbili ya ule wa nje ya kazi. Tena kazini waliongea kwa nguvu zaidi na kwa sauti ya juu zaidi.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Sauti ya kawaida ya mwanamke akiongea hutikisa nyuzi mara 200 kwa sekunde, kidogo zaidi au pungufu. Mwalimu akitoa sauti kwa jumla ya saa mbili tu kwa siku, ukiondoa nukta zote za kuvuta pumzi na za kusikiliza, nyuzi zake zimegongana mara 1,440,000. Hiyo ni siku moja, kabla hajaenda mazoezi ya kwaya jioni.

Mwaka 2003 Titze, Jan Švec na Peter Popolo walipendekeza tuihesabu kazi ya sauti kwa dozi, jinsi mfanyakazi wa kiwandani anavyohesabiwa kelele au mtikisiko wa mashine. Dozi ya kwanza ni muda ambao sauti imetoka. Ya pili ni idadi ya mitikisiko. Ya tatu ndiyo iliyonishangaza: ni umbali ambao ngozi ya nyuzi za sauti imesafiri kwa kwenda na kurudi siku nzima. Kila safari ni ya milimita chache, lakini ukizijumlisha zote unapata umbali wa kupimwa kwa mita nyingi, na mchoko wa siku umepata kipimo.

Wa kwanza kuliona koo likiimba

Hakuwa daktari. Manuel García alikuwa mwalimu wa uimbaji, Mhispania, mtoto wa mwimbaji mashuhuri wa tenori na kaka wa waimbaji wakubwa Maria Malibran na Pauline Viardot. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakitia nyuma kabisa ya kinywa chake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi, na akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungana. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London. Matabibu wa koo wamekitumia kioo cha namna hiyo tangu wakati huo.

García anastahili pia rekodi ya umri. Alizaliwa 1805, akafa 1906 akiwa na miaka 101, na alipotimiza 100 wafalme walimtumia nishani. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka 1841. Msichana wa Kiswidi, Jenny Lind, alimwendea Paris akiwa na umri wa miaka 20 na sauti iliyochakaa kwa kuimba kupita kiasi. García hakumpa zoezi lolote. Alimwamuru anyamaze wiki sita, kisha arudi. Alirudi, akafundishwa, na kuanzia mwaka 1850 Lind huyo huyo aliimba Marekani matamasha 93 chini ya mfanyabiashara P. T. Barnum. García alikuwa ameipima dozi kwa sikio lake tu.

Aliyekuwa wa kwanza kuning'iniza kipimo shingoni badala ya kioo kinywani ni Mfaransa Philippe Fabre, mwaka 1957. Elektrodi mbili huwekwa kulia na kushoto mwa zoloto, umeme dhaifu usiohisika ukapitishwa kati yake. Nyuzi zikigusana umeme hupita kwa urahisi, zikiachana hupita kwa shida. Mchoro unaopatikana unaonyesha kwa kila mtikisiko nyuzi zimegusana kwa muda gani, na mwimbaji anaendelea kuimba kinywa wazi, pasipo chochote kumkera kooni. Kifaa hicho bado kinatumika hadi leo.

Mapafu makubwa, na baritoni sita

Mapafu makubwa kuliko yote yanayotajwa mara nyingi ni ya Peter Reed, mpiga makasia wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki wa 2008, 2012 na 2016. Yalipimwa yakaonekana kuchukua lita 11.68, wakati mwanaume wa kawaida ana lita sita hivi. Reed si mwimbaji, na hilo linafundisha. Ukubwa wa mapafu haumfanyi mtu aimbe kwa pumzi ndefu. Bill Withers, katika wimbo wake Lovely Day wa mwaka 1977, alishikilia noti moja kwa sekunde 18 na sijasikia mtu akiyataja mapafu yake.

Siri iko kwenye kuachia. Mapafu yakijaa, kifua chenyewe hutaka kurudi mahali pake, na hewa hutaka kutoka kwa kishindo. Mwimbaji akiiacha itoke hivyo, noti inakuja na nguvu kupita ilivyokusudiwa, halafu inakufa. Kwa hiyo mwanzoni mwa mstari inambidi azuie: misuli ile ile iliyoingiza pumzi inaendelea kukaza ili mbavu zisishuke haraka. Mstari ukifika katikati, kazi inageuka. Hewa imepungua, na sasa misuli ya tumbo na ya kati ya mbavu inasukuma. Mabadiliko hayo yanapita mara nyingi katika wimbo mmoja, na msikilizaji hatakiwi kuyasikia.

Yanaonekanaje basi? Mwaka 1967 Kimio Konno na Jere Mead walionyesha kwamba mwendo wa pumzi unaweza kusomwa kutoka nje, kwa kufuatilia sehemu mbili tu: mbavu na tumbo. Vifaa vya leo vya kuvaa vimejengwa juu ya wazo hilo. Ni mikanda miwili ya kunyumbuka, mmoja chini ya makwapa, mwingine usawa wa kitovu. Ndani ya kila mkanda umeshonwa waya uliopindapinda, na umeme mdogo unapita humo. Mkanda ukitanuka, tabia ya umeme inabadilika, na kompyuta inachora mstari. Kabla ya kuanza, mvaaji hupuliza kwenye mfuko wenye ujazo unaojulikana ili mistari miwili ya mbavu na tumbo igeuzwe kuwa lita za hewa. Baada ya hapo anaimba, na mistari inapanda na kushuka mbele ya macho yako, wakati mwingine pamoja, wakati mwingine mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka.

Mwaka 1985 Peter Watson na Thomas Hixon walipima hivyo pumzi za baritoni sita wa opera, watu waliosomea kazi yao. Waliwauliza pia: unapumuaje unapoimba? Kila mmoja akaeleza anavyoamini. Vipimo vilipotoka, maelezo yao hayakufanana sana na yale miili yao ilikuwa ikifanya. Katika orodha hii yote, hilo ndilo tokeo ninaloliweka juu kabisa. Waimbaji hao hawakuwa waongo wala wavivu, na walikuwa wakiimba vizuri. Ni kwamba mtu hana macho ndani ya mbavu zake, na kiwambo, ule msuli mkubwa unaotenganisha kifua na tumbo, hakimpi taarifa za kuaminika.

Fikiria sasa kwaya zetu, ambamo kila mwongoza kwaya ana msemo wake: imba kwa tumbo, jaza mgongo, usinyanyue mabega. Misemo hiyo si mibaya. Inafanya kazi kama picha ya kumsaidia mwimbaji, mradi mwalimu asiishike kama maelezo ya mwili na kumgombeza mwanafunzi ambaye tumbo lake halichezi anavyotaka yeye. Miili hutofautiana, na mikanda imeonyesha kuwa waimbaji wawili wazuri wanaweza kufika noti moja kwa njia mbili.

Kwaya zilizopumua pamoja

Mjini Berlin, Viktor Müller na Ulman Lindenberger waliwavisha vipimo vya moyo na pumzi waimbaji 11 na mwongoza kwaya wao. Taarifa yao ya 2011 inaonyesha kwamba wakati wa kuimba, pumzi na mapigo ya moyo ya watu hao 12 yalikaribiana, na yalikaribiana zaidi walipoimba kwa pamoja kuliko walipoimba kwa sehemu tofauti. Miaka miwili baadaye Björn Vickhoff na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, waliona jambo kama hilo kwa vijana wa sekondari. Sababu ni ya kimwili kabisa. Moyo huharakisha kidogo tunapovuta pumzi na kupunguza mwendo tunapoitoa. Wimbo ndio unaoamua wapi pa kuvuta pumzi, kwa hiyo wimbo ule ule huiongoza mioyo yote. Aliyewahi kusimama katikati ya kwaya ikiimba wimbo wa mistari mirefu atakuwa amekwisha kulihisi hilo.

Kuna pia rekodi ya huzuni. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61 wa kwaya ya Skagit Valley walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Watu 53 kati yao waliugua, waliothibitishwa na waliodhaniwa kuwa na korona, na wawili walifariki. Kwaya duniani kote zikanyamaza. Baadaye mwaka huo watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapima waimbaji 25 na kukuta kwamba kilichoongeza chembe za hewani hasa ni nguvu ya sauti: kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, wingi wake ulipanda mara 20 hadi 30. Kuimba kwa sauti ya chini na kuongea kwa sauti ya chini havikutofautiana sana.

Siku nzima na kihisi shingoni

Katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, ambako mwimbaji Adele alifanyiwa upasuaji wa koo Novemba 2011 kabla ya kuimba na kuchukua tuzo sita za Grammy Februari iliyofuata, ndiko walikofanya kazi pia watafiti wa sauti Robert Hillman na Daryush Mehta. Mwaka 2012 walieleza kifaa chao: kihisi kidogo cha mtikisiko, waya, na simu ya mkononi. Asubuhi mvaaji husafisha ngozi chini ya zoloto, juu kidogo ya shimo lililo kati ya mitulinga, na kukibandika kwa gundi ya pande mbili. Waya hupita ndani ya shati hadi kwenye simu kiunoni. Kisha hutoa irabu moja, kutoka sauti ya chini hadi ya nguvu, mbele ya maikrofoni iliyo sentimita 15 kutoka midomoni, ili simu ijue mtikisiko wa ngozi yake unalingana na nguvu gani ya sauti. Baada ya hapo huenda zake kazini, sokoni, mazoezini.

Kwa nini ngozi badala ya maikrofoni? Kwa sababu ngozi ya shingo haisikii kelele za daladala wala sauti ya jirani. Inasikia koo la mwenyewe tu. Na kinachonaswa hapo si rahisi kukigeuza kuwa maneno, hivyo siri za mvaaji zinabaki zake.

Kisha likaja tokeo ambalo halikutarajiwa na wengi. Jarrad Van Stan na wenzake wa Boston waliwalinganisha wanawake wenye vinundu na majeraha mengine ya nyuzi za sauti na wenzao wenye afya, umri na kazi vikilingana. Taarifa yao ya 2015 ilisema wastani wa nguvu ya sauti, kimo chake na dozi havikutofautiana. Aliyeumia hakuwa lazima amesema sana kuliko mwenzake. Tofauti zilianza kuonekana katika tafiti zilizofuata, walipoangalia namna nguvu ya sauti inavyosambaa siku nzima na jinsi nyuzi zinavyofungana. Naamini wingi na namna vinahitaji kusomwa pamoja, na kifaa kinachotoa kimoja tu kinampa mwimbaji nusu ya habari.

Kifaa kingine kilichotajwa sana kilitoka Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, Februari 2023. Maabara ya John Rogers ilishirikiana na Theresa Brancaccio, mwimbaji na mwalimu wa sauti. Chao hakina waya: ni kipande laini, kidogo, kinachobandikwa juu ya kifua na kutuma habari kwa simu. Programu yake hutenganisha kuongea na kuimba kwa usahihi unaozidi asilimia 95, na mvaaji akifika kiwango alichojiwekea, kifaa kingine kidogo humtetemesha kumtahadharisha. Huo uwezo wa kutenganisha ndio naona wa thamani. Mwimbaji hulinda koo jukwaani, halafu hulimaliza kwa kuongea garini, kwenye simu, na ukumbini baada ya tamasha akisalimiana na watu juu ya muziki wa spika.

Vifaa hivi bado viko mbali na mwalimu wa darasa la wanafunzi 80, na mbali na mwanakwaya anayefanya mazoezi Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Lakini matokeo yake yanaweza kutumika leo. Kama unaongoza kwaya, weka dakika za kunyamaza katikati ya mazoezi, na usiwaimbishe watu kwa nguvu muda wote wanapojifunza noti. Kama ni mwalimu, tafuta kengele, makofi au ishara ya mkono ya kuwaita wanafunzi badala ya kupaza sauti, na hesabu maongezi ya jioni kuwa sehemu ya kazi ya koo. Na kama sauti yako imekwaruza au kukauka kwa zaidi ya wiki tatu, usiimbe juu yake na usitegemee tangawizi peke yake: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaziangalie nyuzi zako.